Namba 100 ilikuwa na wenyewe wawili

Nilipigiwa simu Jumatatu jioni na mganga mfawidhi wa kituo kimoja cha afya cha binafsi, mji wa mkoani. "Fundi, mfumo wetu unakufa kila asubuhi, halafu saa tano unafufuka wenyewe. Wiki ya tatu sasa. Wagonjwa wanatutukana."

Hiyo saa tano ndiyo iliyonivuta. Waya mbovu haujui saa. Kirusi hakijui saa. Kitu kinachokufa na kufufuka kwa ratiba, mara nyingi kuna mtu anayeingia na kutoka mlangoni kwa ratiba hiyohiyo.

Kituo kina jengo moja na vifaa 14 kwenye mtandao: seva yenye mfumo wa wagonjwa, kompyuta mbili za mapokezi, moja ya keshia, moja ya famasia, mbili za maabara, laptopu tatu za madaktari, printa mbili, DVR ya kamera na mashine ya alama za vidole ya mahudhurio. Vyote vinakutana kwenye swichi ya matundu 16, kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, na ruta moja yenye Wi-Fi. Mfumo hauko intaneti. Uko humohumo ndani, kwenye seva iliyo chini ya meza ya mhasibu, na kila mtumishi huufungua kwenye kivinjari kwa kuandika 192.168.1.100, yaani anwani ya IP ya seva, ambayo kwa mkato tunaiita namba 100. Intaneti ikikatika, mfumo unapaswa kuendelea kama kawaida, kwa sababu safari yote ni kutoka kompyuta hadi swichi hadi seva.

Kabla yangu walikuwa wamepita watu wawili, na wote wawili walisema kitu chenye nusu ya ukweli. Fundi wa kwanza alipima kwa amri ya ping, ile ya kuiita anwani usikie kama inaitika, seva ikajibu vizuri, akasema mtandao ni mzima, tatizo ni programu. Waliouza programu wakaingia kwenye seva, wakaikuta haina kosa lolote, wakasema tatizo ni mtandao. Baada ya kutupiana mpira wiki mbili akatokea mshauri wa tatu, kwa simu tu, akamwambia daktari anunue anwani ya IP ya kudumu kutoka kampuni ya intaneti, alipie kila mwezi.

Kwenye huu ushauri wa tatu nasimama kidogo, maana unauzwa sana. Anwani ya kudumu inayouzwa na kampuni ya intaneti ni ya upande wa nje, ya mtu aliye mbali kukufikia wewe. Hizo ndizo zinazogawiwa duniani kwa mafungu, na huku Afrika msajili wake ni AFRINIC. Anwani za 192.168 ni za ndani. Waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 uliziweka kando, pamoja na zile za 10 na fungu la kati ya 172.16 na 172.31, zitumiwe na yeyote kwenye mtandao wake bila kuomba wala kulipa. Ndiyo maana namba zilezile unazikuta zahanati, shuleni, na nyumbani kwako. Daktari angelipa kila mwezi, na saa tano ingebaki palepale.

Nilifika Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, makusudi, nikikute kifo chenyewe. Mapokezi walikuwa wanaandikisha wagonjwa bila shida. Famasia, hatua kumi kutoka hapo, mfumo haufunguki. Nikachomeka laptopu yangu kwenye swichi, nikaandika anwani ya seva. Nilikataliwa papo hapo, hata sekunde haikupita.

Hapo fundi asiharakishe. Kukataliwa na kusubiri ni vitu viwili. Anwani isipokuwa na mtu, kivinjari huzunguka weee hadi kikate tamaa. Ukikataliwa mara moja, maana yake kuna mtu ndani, amekusikia, na anakwambia mlango unaoutaka haupo kwake. Nikapiga ping kama yule fundi wa kwanza: jibu likaja, zuri kabisa. Nikamwomba dada wa mapokezi achomoe waya wa seva nyuma. Akachomoa. Nikapiga ping tena.

Ikajibu.

Seva imechomolewa, iko sakafuni imekatika na dunia, na 192.168.1.100 bado inaitika. Dada akaniangalia. "Sasa nani anajibu?"

Kujua nani, unaangalia jedwali la ARP. Kwenye Windows ni amri ya arp -a. Kompyuta haitumi kitu kwa anwani ya IP moja kwa moja. Ndani ya mtandao mmoja lazima ijue kwanza anwani ya MAC, ile iliyo kwenye kadi ya mtandao. Basi inapaza sauti kwa wote: mwenye 100 ni nani? Atakayeitika, MAC yake inaandikwa jedwalini na mazungumzo yanaanza. Utaratibu huu ni wa mwaka 1982 na ni wa kuaminiana. Hakuna anayeombwa hati. Anayeitika ndiye mwenye nyumba, na wakiitika wawili, kila kompyuta inamwamini yule ambaye jibu lake lilikaa jedwalini wakati huo. Ndiyo maana mapokezi walikuwa wazima na famasia ni wafu: mapokezi walikuwa wamemshika mwenye nyumba wa kweli, famasia wamemshika wa pili. Na baada ya dakika chache jedwali likijisasisha wangeweza kubadilishana. Kwa mtu anayetazama tu bila kupima, huo ni uchawi mtupu.

MAC ya seva, kwa kibandiko chake, ilianza na 18. Niliyoipata mimi ilianza na da. Herufi ya pili ya MAC inasema mengi: ikiwa 2, 6, a au e, namba hiyo haikutoka kiwandani, kifaa kimejitungia. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo kwenye Wi-Fi zisifuatiliwe kirahisi. Kwa hiyo nilikuwa sitafuti kompyuta. Nilikuwa natafuta simu ya mtu.

Nikaingia kwenye ruta, ukurasa wa waliopewa anwani. Mstari wa kwanza kabisa: 192.168.1.100, simu janja. Na pembeni, mipangilio ya DHCP, utaratibu wa ruta kuvigawia anwani vifaa vinavyoomba: toa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Mipangilio ya kiwandani, haijaguswa.

Hadithi yote ikakaa sawa. Ruta ya zamani iliungua, umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Wakanunua nyingine dukani, wakaichomeka, intaneti ikaja, kila mtu akashangilia. Fundi aliyejenga mtandao miaka ya nyuma alikuwa ameipa seva namba 100 kwa mkono, kwenye seva yenyewe, na bila shaka kwenye ruta ya zamani alikuwa ameizuia isiitoe namba hiyo kwa mwingine. Ila kizuizi hicho hakukiandika popote. Kiliishi ndani ya ruta, kikaungua nayo. Ruta mpya haikujua kuwa 100 ina mwenyewe. Wanaojua mambo ya viwanja mijini wanalifahamu hili: kiwanja kimoja, hati mbili, na kila mmoja ameonyeshwa na ofisi yake.

Lakini mbona ruta haikuchungulia? Kanuni za DHCP za mwaka 1997 zinashauri kabisa mgawaji aangalie kama anwani ina mtu kabla ya kuitoa. Hapa ndipo utaratibu wa kituo unapoingia. Wanafunga saa kumi na mbili jioni na kuzima seva, kwa kuogopa umeme na kwa kubana uniti za Luku. Mlinzi wa usiku ana kitochi, hakijui Wi-Fi. Mtu wa kwanza mwenye simu janja kuingia ni mama wa usafi, saa kumi na mbili asubuhi. Simu yake inajiunga, ruta inachungulia 100, haipo, seva imelala. Inampa. Saa mbili kasoro robo dada wa mapokezi anawasha seva, nayo inaamka na namba yake iliyoandikiwa, haimuulizi mtu. Kompyuta ya Windows ingelalamika kwenye skrini kwamba anwani ina mwingine. Seva ile inaendeshwa na Ubuntu badala ya Windows, na ilivyopangwa haikusema neno. Saa tano mama anamaliza kazi, anaondoka na simu yake, na mfumo unafufuka.

Keshia aliyekuwa anasikiliza akapigilia msumari: "Kumbe ndiyo maana Jumapili hausumbuagi." Jumapili mama hafanyi kazi. Ushahidi huo ulikuwepo wiki tatu nzima, hakuna aliyemuuliza keshia.

Mama mwenyewe alikuwa anapiga deki koridoni, akasikia simu yake inatajwa. Akaja na ufagio wa maji mkononi, uso umemshuka. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba baba. Simu yangu ndiyo imeharibu kompyuta?" Nikamwambia mbele ya daktari, kwa makusudi, kwamba simu yake haina kosa, iliomba namba ikapewa, aliyetoa ndiye hakujua. Nalitaja hili kwa sababu kwenye ofisi zetu lawama hushuka ngazi haraka sana, na nilishaona daktari anavuta pumzi ya kutangaza marufuku ya simu. Marufuku isingeponya kitu. Kesho yake angetangulia mtu mwingine, na simu yake ingepewa 100 vilevile.

Nikazima Wi-Fi kwa muda, nikasafisha jedwali la ARP kwenye kompyuta za famasia na maabara, wakaendelea na kazi. Matengenezo yenyewe tukapanga jioni baada ya kufunga.

Swali la kwanza la jioni: nani ahame? Vitabu vinapenda mpango mzuri: ruta namba 1, seva kuanzia 10, printa kuanzia 20, DHCP mwishoni. Ningekuwa naanza upya ningefanya hivyo. Lakini 192.168.1.100 ilikuwa imehifadhiwa kwenye vivinjari vya kompyuta tisa, kwenye programu inayonakili data kila jioni, na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani maabara na mtu aliyekwisha hama kazi. Kuihamisha seva ni kutafuta sehemu zote hizo, na moja ingenikimbia. Nikaamua asihame mwenye nyumba, wahame wapangaji. Kwenye ruta nikabadilisha fungu la DHCP lianze 130 liishie 199. Hizo ni anwani 70, zinawatosha na kubaki. Kazi ya dakika mbili.

Kwa mabadiliko hayohayo nikaokoa na DVR. Ilikuwa kwenye 192.168.1.108, namba ambayo vifaa vya Dahua hutoka nayo kiwandani, katikati kabisa ya fungu la zamani. Haikuwa imeleta balaa labda kwa sababu haizimwi usiku, inakuwa nyumbani muda wote. Mashine ya vidole ilikuwa kwenye 192.168.1.201, ya kiwandani vilevile kwa mashine nyingi za ZKTeco, na ilisalimika kwa bahati tu: fungu liliishia 199.

Swali la pili lilinichukua muda zaidi. Nani mwingine apewe namba ya kudumu, na kwa njia gani? Njia ziko mbili. Unaweza kuiandika kwenye kifaa chenyewe, au ukakiacha kifaa kiombe kama kawaida halafu ukaiagiza ruta impe mwenye MAC fulani namba ileile siku zote. Mafundi wengi tunapenda hii ya pili kwa sababu kila kitu unakiona mahali pamoja. Kwenye ofisi ambayo ruta ni imara na mipangilio yake inanakiliwa, sina ubishi nayo. Hapa ruta iliyotangulia ilikufa na siri zake.

Tena kuna jambo la umeme. Seva na swichi viko kwenye UPS, betri ya kuvishikilia umeme ukikatika, ruta iko peke yake ukutani. Ruta ikifa mchana, kompyuta inayotegemea DHCP ikazimwa na kuwashwa itakosa wa kumuomba, itajipa namba inayoanza na 169.254, na haitaiona seva iliyo mita tatu mbele yake. Lakini kompyuta yenye namba yake mwenyewe haihitaji ruta kufika kwenye seva, maana wote wako mtandao mmoja na swichi inatosha. Kwa hiyo za kaunta, ambako mgonjwa amesimama anasubiri, nikaziandikia kwa mkono: mapokezi 101 na 102, keshia 103, famasia 104, maabara 105 na 106. Printa mbili zikapata 110 na 111 kwa njia ya ruta. Hizo zikipotea siku moja mtu ataandika risiti kwa kalamu. Laptopu za madaktari zikabaki DHCP, kwa sababu madaktari wanazibeba hadi nyumbani, na laptopu iliyofungwa namba ya kazini ikifika nyumbani kwenye mtandao wa namba nyingine haipati chochote.

Sikuugawanya mtandao vipande. Kuna wenzangu wangefanya hivyo hata kwa vifaa 14. Maski, namba inayosema mtandao wako unaishia wapi, ikiwa 255.255.255.0 inatoa anwani 256, na ukiondoa 0 ambayo ni jina la mtandao wenyewe na 255 ya kutangazia wote, zinabaki 254. Swichi yenyewe ni ya kawaida, haiwezi kutenganisha mitandao. Nilichofanya ni kuwasha Wi-Fi ya wageni kwenye ruta, simu zote zihamie huko, kisha nikajaribu kwa simu yangu kuhakikisha haiifikii seva. Ruta nyingine bado huwapa wageni namba kutoka fungu lilelile la DHCP, kwa hiyo Wi-Fi ya wageni peke yake isingemaliza ugomvi wa 100. Hata hivyo simu za watu hazina kazi mahali penye taarifa za wagonjwa.

Kuandika namba kwenye Windows ni visanduku vinne: anwani, maski, geti ya kutokea nje, na DNS ya kuulizia majina ya tovuti. Kabla ya kila namba nilipima kama iko wazi. Kutojibu ping hakutoshi, maana ngome ya Windows, yaani firewall, mara nyingi huzuia ping na kompyuta hai ikaonekana imekufa. Ninapiga ping kisha naangalia arp -a. Kifaa kinaweza kunyamazia ping, ila kikikataa na ARP hakuna mtu mtandaoni humo atakayeweza kuzungumza nacho. Na kwa kuwa kifaa kilichozimwa hakijibu lolote kati ya hayo, somo tulilolipata asubuhi, nilizunguka vyumba vyote na dada wa mapokezi tukawasha kila chenye waya, hata printa ya mhasibu iliyokuwa imefunikwa kitambaa.

Visanduku vinne, na kwa keshia nikajaza vitatu. Kesho yake saa tatu: "Fundi, mfumo unafunguka, ila tovuti ya bima haifunguki." Nikamwambia aandike ping 8.8.8.8, anwani iliyo nje kwenye intaneti. Ikajibu. Intaneti ipo, ila kompyuta haina wa kumuuliza jina la tovuti ni namba gani. Sanduku la DNS nililiacha tupu mimi mwenyewe, saa mbili usiku, njaa inauma. Nikamwelekeza kwa simu akajaza 192.168.1.1, anwani ya ruta, kwisha. Kosa hili linadanganya sana macho: mfumo wa ndani unaofunguliwa kwa namba unafanya kazi, vya nje vinavyofunguliwa kwa majina vimekufa, na mtu anaanza kuilaumu kampuni ya intaneti.

Kitu cha mwisho kilikuwa karatasi. Mistari: namba, kifaa, chumba, MAC, nani aliiweka, tarehe. Chini nikaandika fungu la DHCP ni 130 hadi 199 na kwamba ruta ikibadilishwa hilo ndilo jambo la kwanza kuwekwa kabla haijachomekwa kwenye swichi. Nakala moja nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi, nyingine ikaenda kwenye faili la daktari. Namba 107, 109 na kuanzia 112 hadi 129 nikaziacha mistari mitupu. Daktari alilipia siku nzima ya ufundi, na nadhani karatasi ndiyo aliyoiona haina thamani kuliko vyote.

Miezi miwili baadaye maabara walinunua mashine mpya ya damu inayotuma majibu yenyewe kwenye mfumo. Fundi wa waliouza akaja kuifunga na kuuliza aipe namba gani. Dada wa mapokezi akanipigia, nikasikia mlango wa bati wa kabati unafunguka.

"Nimempa 107, nimeandika na tarehe. Nimejaribu ping na ile nyingine, hakuna mtu."

"Sawa kabisa."

"Na mashine zote niliwasha kwanza," akaongeza. "Hata ile printa ya kitambaa."